Tangi la Mfano la Iyunga

Vijana wa idara wameniomba niandike kumbukumbu za kazi kabla sijasahau. Nimestaafu juzi tu, lakini tayari wananiangalia kama mtu atakayeamka kesho akiwa hajui jina lake. Walisema niandike mafanikio. Mafanikio yangu makubwa ni kwamba nilikagua machinjio, hoteli, maduka na vyoo vya watu katika mikoa miwili na bado nina hamu ya kula. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, na mshahara sitautaja, maana hata enzi zile hatukuutaja mbele ya wageni. Nitaandika juu ya mzee aliyenifundisha kazi, kisu cha mfukoni alichonipa, na tangi moja lililokuwa Iyunga, pale Mbeya, miaka ya sabini. Tangi hilo linaniudhi mpaka leo.

Ninyi mnaitwa maofisa afya mazingira. Sisi tuliitwa mabwana afya. Jina lilikuwa fupi, na mtoto akilitamka barabarani mama yake alipata muda wa kutosha kufunika sufuria na kuficha ndoo.

Nilianzia Iringa mjini, nimetoka chuoni, nimevaa kaki iliyopigwa pasi mpaka inaweza kusimama bila mimi. Nilikabidhiwa kwa Mzee Kalinga, Mhehe mfupi, mzee wa kanisa, aliyekuwa akikagua maduka tangu wakati wa mkoloni na asiyecheka na mtu kabla ya saa nne. Asubuhi ya kwanza alinikuta mlangoni mwa ofisi.

"Kamwene," alinisalimia. "Umekunywa chai?"

Nikamjibu nimekunywa.

"Wapi?"

Nikamtajia hoteli ya karibu na stendi, nikaongeza kwamba maandazi yao ni mazuri sana.

"Basi leo tunaanzia hapo."

Alinipitisha mlango wa nyuma, akanionyesha meza unga ulipokandiwa, na mpishi aliyekuwa bado amelala juu ya meza hiyo hiyo, miguu imeelekea kwenye hamira. Nilikaa muda mrefu sana bila kugusa andazi. Ndivyo Mzee Kalinga alivyofundisha, na sikumbuki kama aliwahi kunisomea kanuni hata moja.

Vifaa vyake vilikuwa tochi, kijiko, na kisu cha mfukoni chenye mpini wa pembe. Kisu kilikuwa cha kukwangulia. Alikwangua kutu kwenye kopo, rangi kwenye ndoo, ukoko kwenye sufuria, na kila alipokwangua mwenye duka alianza kutokwa jasho hata kukiwa na baridi ya Mufindi. Lakini kifaa chake kikubwa kilikuwa swali, nalo nililisikia kwa mara ya kwanza Nyololo.

Pale Nyololo, kandokando ya barabara kuu, kulikuwa na mwenye duka aliyesifika kwa maziwa ya unga ya watoto. Lori lilikuwa limepinduka karibu na duka lake na makopo yakamwagika, naye hakuona sababu ya kuyaacha yateseke mtaroni. Aliyanyoosha kwa nyundo, akayasugua kutu, akayapaka rangi palipobanduka. Mtoto mnene aliyechorwa kwenye kopo alikuwa amebaki na jicho moja. Mzee Kalinga hakuyatazama makopo. Alimtazama mke wa mwenye duka, aliyekuwa ameketi nyuma ya kaunta amepakata mtoto.

"Mama, huyu anakunywa maziwa gani?"

"Ananyonya, baba."

"Na haya ya kopo?"

"Haya?" Mama alishangaa kuulizwa. "Haya ni ya kuuza, baba."

Mwenye duka alimwangalia mkewe kwa namna ambayo nina hakika chakula cha jioni hakikuwa na mazungumzo. Tuliyatoboa makopo yote, tukayazika nyuma ya duka. Tukirudi, Mzee Kalinga aliniambia, "Usimuulize mtu anauza nini. Muulize wanawe wanakula nini. Akisitasita, toa kisu." Nililitumia swali hilo kwenye mabucha, kwenye mashine za unga, kwa wauza samaki wa sokoni. Halikuniangusha. Nilipohamishiwa Mbeya, Mzee alinipa na kisu chenyewe, akasema macho yake yamechoka kuona mambo ya watu.

Mbeya nilikuta vita. Redio ilikuwa inahimiza afya, watu wanakusanyika kuisikiliza kwa vikundi, vyoo vinachimbwa hata na watu ambao hawakuwa na nia ya kuvitumia. Mkuu wetu wa kazi, tuliyemwita Mkuu tu, alikuwa amechagua adui wake: chungu. Alisema chungu hakisuguliki, kina vinyweleo, kina nyufa, na ndani ya nyufa wamekaa wadudu wanaowaua watoto kwa kuhara. Tusimcheke upesi. Watoto walikuwa kweli wanakufa kwa kuhara, na yeye alikuwa amezika wa kwake. Aliwakusanya akina mama wa Iyunga na sehemu za jirani, wakavivunja vyungu vyao vya togwa hadharani, tena kwa wimbo walioutunga wenyewe, wimbo mzuri wenye kiitikio.

Kwa msomaji wa mbali, togwa ni uji mwepesi wa mahindi uliotiwa kimea cha ulezi. Siku ya kwanza ni tamu, ya pili inaanza kuchacha, na huku kwetu mtoto huipata kabla hajajua kusema neno lenyewe. Mama wa kijijini anapika yake nyumbani. Lakini wake wa makarani, walimu, manesi na watu wa reli mpya walikuwa wanaingia kazini asubuhi, wanawaacha watoto na yaya, hawana nafasi ya kuotesha ulezi. Hao walinunua kwa Mama Tumpe.

Mama Tumpe alikuwa Mnyakyusa, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, na mumewe alikuwa dereva wa malori ya Zambia, mtu wa kuonekana nyumbani kama mgeni. Alikuwa na duka dogo kando ya barabara kuu pale Iyunga, na juu ya mlango ameandikisha TOGWA SAFI YA WATOTO. Alikuwa safi hasa. Nimekagua majiko ya viongozi, sitayataja, ambayo hayakufika kwenye kizingiti chake. Mkuu alipotaka mtu wa kuonyesha kwamba togwa inawezekana bila chungu, hakuhangaika kutafuta.

Tangi lilitengenezwa na Fundi Lwitiko, aliyekuwa na karakana ya malori hatua chache kutoka dukani. Mabati mazito, mfuniko wenye bawaba, miguu ya chuma, na chini yake koki ya shaba iliyong'aa kuliko kitu chochote katika kata ile. Mimi nilifika Mbeya tangi likiwa limeshazinduliwa. Niliambiwa Mkuu alikata utepe, na kwa kuwa utepe haukupatikana madukani, walifunga bandeji ya zahanati. Wageni walikuja kulitazama kutoka wilaya nyingine. Lilipigwa picha. Ofisini kwetu liliitwa tangi la mfano.

Na togwa yake ikawa na sifa ya ajabu: haikuchacha. Ilikaa tamu asubuhi, mchana na kesho yake, tena wakati ambapo sukari ilikuwa inapatikana kwa kujuana. Mkuu alieleza kwamba ndiyo faida ya usafi. Wadudu wa kuchachusha hawana pa kujificha. Maelezo yalikuwa mazuri mno hata hakuna aliyethubutu kuyapima.

Kuna desturi moja inabidi niieleze, maana yote yananing'inia hapo. Huku kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako. Tunaita kutoa sumu. Anapiga funda moja, anakutazama usoni, halafu anakukabidhi kikombe. Hakuna anayedhani kweli kuna sumu, ila asiyeonja anaonekana hana malezi. Mama Tumpe aliifuata desturi hiyo kwa ukamilifu wake. Na kwa kuwa kinywaji chenyewe kilikuwa cha watoto, aliona si haki aonje mtu mzima. Kila asubuhi, wateja wakiwa wamejipanga na vikombe vyao, alimkalisha Tumpe juu ya kaunta, binti yake wa mwisho ambaye hajafikisha hata miaka miwili, akafungua koki, na kikombe cha kwanza kikaenda kwa mtoto. Tumpe alikunywa, akajifuta kwa mkono, akina mama wakacheka, biashara ikaanza.

Masika hayo hospitali ilianza kupokea watoto wa aina moja. Tumbo linauma, choo hakipatikani, wanatapika, wamepauka, wanalia bila kunyamazishika. Walipewa dawa ya malaria, kisha ya minyoo, kisha ya malaria tena. Mtoto mmoja wa mwalimu alipata degedege akafa, akazikwa kwa jina la malaria. Daktari alikuwa mtu mkimya aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi upande wa Zambia. Aliniita ofisini kwake.

"Bwana Afya, kuna kitu kinanishangaza," alisema. "Wagonjwa wangu wote wanavaa viatu."

Nikamwambia sijamwelewa.

"Watoto wa kule mlimani, wanaotambaa kwenye mavi ya kuku, wako salama. Wanaougua ni wa makarani. Wa walimu. Wa manesi wangu mwenyewe." Akamwinua mtoto mmoja kitandani, akamfunua mdomo taratibu. Kwenye fizi, pale jino linapoanzia, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama umechorwa kwa penseli. "Huu niliuona kwa wachimbaji. Ni sumu ya madini. Sasa niambie, mtoto wa karani anayapata wapi madini?"

Nilimpelekea Mkuu swali hilo. Alilijibu kabla sijamaliza kuuliza: Chunya. Kule wanachimba dhahabu, wanaisafisha kwa zebaki, na zebaki ni madini yenye sumu, kila mtu anajua. Bila shaka kuna mfanyabiashara anayeleta chakula kutoka Chunya.

Kabla ya kwenda Chunya nilipita maduka yote ya vyakula vya watoto pale mjini na Iyunga, nikiwa na swali la Mzee Kalinga. Maziwa ya kopo, unga wa uji, biskuti. Wawili watatu walisitasita, nikatoa kisu. Nilipofika kwa Mama Tumpe nikamuuliza kama wengine: wa kwako anakunywa nini?

"Mwe, Bwana Afya," alicheka, "njoo asubuhi uone mwenyewe. Hapa hatufichi."

Nilikwenda, nikasimama nyuma ya wateja, nikaona mtoto yuko kaunta anapokea kikombe cha kwanza. Sikuwahi kulipata jibu lililo wazi kama lile. Nikamtoa kwenye orodha ya kichwani mwangu, nikapanda lori la Chunya.

Chunya nilikula vumbi la kutosha. Niliwakuta wachimbaji wanachoma zebaki kwenye vikaango ambavyo jioni vilikaangia mayai, nikawaeleza hatari yake, wakanisikiliza kwa heshima, wakaendelea kuchoma. Hilo nalo linahitaji kumbukumbu zake. Lakini hakuna chakula cha mtoto kilichokuwa kinatoka Chunya kwenda popote. Chunya walikuwa wananunua cha kwetu. Mwenye duka mmoja aliniuliza kama tangi la mfano linaweza kuigwa na kwao.

Niliporudi nilikuta maneno yameenea Iyunga. Akina mama nao walikuwa wameanza kuhesabu nani anaugua na nani anakunywa togwa ya dukani. Ila wao hawakufikiria madini. Walifikiria mkono wa mtu. Wakasema Mama Tumpe ana biashara kubwa kupita kiasi kwa mwanamke ambaye mume wake haonekani, na biashara kama ile haiendi bila kitu. Wateja wakapungua. Naye alifanya alichofanya mtu yeyote mwenye dhamiri safi: akaongeza uthibitisho. Badala ya funda chache, Tumpe akawa anamaliza kikombe kizima mbele ya watu, na maneno yalipozidi, vikombe viwili.

Nilishuka kwenye lori asubuhi, koo limekauka kwa vumbi, nikaenda moja kwa moja dukani kutafuta cha kunywa. Wateja walikuwa wachache, wamesimama mbali kidogo. Mama Tumpe alinisalimia, akafungua koki, akajaza kikombe cha kwanza. Safari hii nilikuwa mbele. Niliona kwamba Tumpe hakukishika. Mkono wake uliinuka ukaishia njiani, kiganja kikaning'inia, na mama yake akakishikilia kikombe kwa ustadi, amemkumbatia kwa nyuma, ili kwa mbali ionekane mtoto anakunywa mwenyewe. Nikamuuliza mama yake kama Tumpe anatembea vizuri siku hizi.

"Amechoka tu," Mama Tumpe alisema haraka, kwa sauti ya chini. "Ni vijicho, baba. Aliacha kutembea wiki iliyopita. Usiseme kwa nguvu, watasikia."

Nilivuta mdomo wa chini wa mtoto kwa kidole. Mstari ulikuwapo, mweusi, mnene kuliko wa watoto wote niliowaona hospitali.

"Mama Tumpe, funga duka."

"Nikifunga leo watasema nimekimbia."

"Funga."

"Bwana Afya, wanangu wanakula hapa. Nikifunga mimi mchawi, basi." Hakulia. Alimsogeza mtoto kifuani. "Mtoto wangu mwenyewe anakunywa wa kwanza. Kila siku. Wewe si umeona?"

Nilikuwa nimeona. Nilifungua mfuniko wa tangi, nikalikausha kwa ndoo mbele ya wateja waliokuwa wanakaribia sasa, nikaingiza mkono na kisu cha Mzee Kalinga. Nilitegemea kutu. Hapakuwa na kutu hata chembe. Kwenye maungo ya ndani kisu kilizama kama kwenye sabuni, kikatoka na ukanda laini wa kijivu. Niliupitisha juu ya karatasi ya kufungia chumvi, ukaandika kama penseli.

Tulimwita Fundi Lwitiko. Alikuja anafuta mikono, mwenye furaha kuona kazi yake inakaguliwa.

"Hiyo ni risasi safi ya betri za lori," alieleza. "Dukani lehemu hakuna, nikayeyusha betri. Nje nimepaka mara moja. Ndani nimepaka mara tatu, na kwenye koki nimejaza kabisa, maana nilisema hii ni ya watoto, isije ikavuja uchafu. Ile ya ziada sikumdai Mama kitu."

Alisema hivyo akitutazama mmoja mmoja, akingoja mtu amshukuru. Yule mama aliyekuwa amesema mengi kuliko wote juu ya uchawi aliitupa chini kanga aliyojitanda, akaketi juu yake.

Tumpe alishikwa na degedege tukiwa kwenye lori kuelekea hospitali. Nilimshika miguu, mama yake akamshika kichwa, dereva akapiga honi njia nzima ingawa barabara ilikuwa tupu. Sijawahi kuogopa vile kabla wala baada ya hapo.

Daktari alinieleza baadaye, kwa utulivu wake ule. Risasi ikikaa ndani ya kitu chachu inayeyuka kidogo kidogo, na ikiyeyuka inatia utamu. Kwa hiyo togwa ilikuwa inachacha kama togwa zote. Ila kila ilivyochacha ndivyo ilivyolila tangi, na kila ilivyolila tangi ndivyo ilivyozidi utamu. Mbaya kuliko yote ni ile iliyolala usiku kucha kwenye koki. Yaani kikombe cha kwanza.

Watoto wengine walianza kupata nafuu walipoachishwa togwa ya tangi. Tumpe alibaki wodini mwezi mzima na zaidi, maana dawa yenyewe ilibidi iombwe mbali, nayo ilikuja kwa mwendo wake. Nilikwenda kuwaona mara nyingi. Siku moja Mama Tumpe alinikaribisha ukingoni mwa kitanda, akasema kama mtu anayepiga hesabu ya kawaida, "Yule mwenye duka wa Nyololo uliyenihadithia. Mtoto wake yuko mzima?"

Nikasema nadhani ni mzima.

"Ningekuwa mchoyo wa togwa kama yeye wa maziwa," alisema, "huyu naye angekuwa anatembea."

Swali la Mzee Kalinga lilitungwa kwa ajili ya wezi, na kwa wezi halikosei. Mama Tumpe hakuwa mwizi. Wala Fundi Lwitiko, wala Mkuu. Kila mmoja alifanya wema wake kwa ukamilifu, na wema wote ukaishia kwenye mdomo wa mtoto mmoja.

Mkuu naye alikuja hospitali. Alivaa suti, akasimama miguuni mwa kitanda. Alikuwa ameleta zawadi, kopo la maziwa ya unga. Mama Tumpe alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akapitisha ukucha kwenye mshono wake.

"Ndaga, baba," alishukuru. "Hili nalo limelehemiwa na nani?"

Daktari alikuwa karibu. Aliliangalia kopo, akaangalia dirishani, akakumbuka kwamba ana mgonjwa wodi ya pili.

Mnataka kujua serikali ilifanya nini. Tulipeleka chupa ya togwa maabara Dar es Salaam kwa treni. Majibu yalikuja wakati Tumpe ameshatoka hospitali: kielelezo kimefika kikiwa kimechachuka, hakifai kupimwa, leteni kingine kisichochachuka. Tangi liliondolewa Iyunga "kwa ajili ya matengenezo", na mpaka nilipohama ofisi ile lilikuwa linahesabiwa miongoni mwa mali zilizo kwenye matengenezo, ingawa Fundi Lwitiko alikuwa amelikatakata kwa mikono yake na kulifukia, akaacha kabisa kazi ya bati.

Kisha Mkuu aliitisha mkutano. Nilikaa mstari wa mbele nikitaka kusikia atapitia wapi. Alisema chungu ni chombo cha mababu zetu, kina ubaridi wa asili, kinapumua, na kwamba kuna watu walioacha mila zao kwa kukimbilia vitu vya kung'aa. Alisema hivyo bila kutetereka, ila hakututazama sisi wa mstari wa mbele, na hilo nilimhesabia. Akina mama walimpigia makofi. Asubuhi yake walikwenda sokoni kununua vyungu vipya kwa Wakisi, wafinyanzi wanaovileta kutoka ziwani. Wimbo hawakuuacha. Walibadilisha maneno tu.

Mama Tumpe alirudi dukani. Mteja wa kwanza kurudi alikuwa mke wa yule mwalimu aliyezika mtoto. Alikuja na kikombe kitupu, hakuwa na mtoto wa kumpelekea, akanywa palepale amesimama. Nadhani hakuna mkutano wala hotuba iliyofanya kazi kubwa kuliko kikombe kile.

Mimi niliendelea. Nilikagua mengine mengi, nilihamishwa, nilirudishwa. Kisu cha Mzee Kalinga nimekiacha kwenye droo ya ofisi, kitumieni. Swali lake nalo ulizeni, ila mkikuta mtu amelijibu bila kusitasita, kwangueni hivyo hivyo.

Mwezi niliostaafu nilipita Iyunga kuaga. Duka limekuwa sebule, mjukuu anauza vocha barazani. Mama Tumpe haoni vizuri siku hizi, alinijua kwa sauti. Tumpe ni mwanamke mtu mzima. Anaimba kwaya, anaotesha ulezi vizuri kuliko mtu yeyote pale, na anacheka kwa urahisi. Hesabu hakuiweza kamwe, shule walimrudisha nyumbani mapema, na mkono wa kulia bado unaishia njiani. Mama yake aliniambia hayo yote bila kuyaremba.

Tumpe alichota togwa chunguni, akaniletea kikombe kwa mkono wa kushoto. Akasimama mbele yangu kama alivyolelewa, akakipeleka mdomoni mwake ili aonje kwanza.

"Tumpe," mama yake aliita kutoka kitini, "lete hapa."

Alimpelekea. Mama Tumpe alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akapiga funda kubwa, akaliweka mdomoni kidogo kabla ya kumeza. Kisha akanyoosha kikombe upande ilipotokea sauti yangu.

Nilikunywa yote. Ilikuwa imechacha.